Kabla hujanunua bastola, jiulize italala wapi

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya karo, wakwe na watoto wasiotaka kula mboga. Leo nakuomba uniruhusu nizungumze juu ya bastola.

Usishtuke. Bastola nayo ni jambo la nyumbani, pengine kuliko mambo mengi tunayoyaandika hapa.

Maneno haya yameanza na binamu yangu. Ana duka la vifaa vya ujenzi, na jioni moja alipokuwa akifunga, vijana watatu walimwingilia, wakamlaza kifudifudi juu ya mifuko ya saruji, wakachukua mauzo ya siku mbili na simu yake. Hawakumwumiza mwilini. Lakini tangu siku hiyo, pikipiki ikipunguza mwendo nyuma yake moyo unamruka. Baada ya miezi michache aliomba leseni ya bastola, na alipokubaliwa akanipigia simu.

"Dada, wewe ndiwe msomi wa ukoo. Njoo unisaidie kuchagua. Nataka ya kubeba bila watu kujua, na siku za mapumziko niende nayo kulenga shabaha."

Nilikwenda nikidhani kazi ni ya asubuhi moja, kama kusindikiza mtu kununua viatu. Ilituchukua miezi minne.

SI KAMA KWENYE FILAMU

Kwanza niondoe jambo moja linalowachanganya wengi, hasa vijana wetu walio vyuoni. Filamu tunazotazama ni za Marekani, na kule kumiliki bunduki ni haki iliyoandikwa katika katiba yao, katika badiliko la pili la mwaka wa 1791. Katika majimbo mengi mtu huingia dukani asubuhi, akajaza fomu, jina lake likatafutwa katika kompyuta, na kabla ya chakula cha mchana ametoka na bastola yake.

Hapa Kenya mambo ni mengine. Katiba yetu haimpi mtu haki ya kuwa na bunduki. Kinachotawala ni Sheria ya Silaha, sura ya 114, ambayo inakataza mtu kununua wala kuwa na bunduki bila cheti. Siku hizi vyeti hutolewa na Bodi ya Leseni za Silaha, iliyoundwa baada ya sheria za usalama kurekebishwa mnamo Desemba 2014. Mwombaji hutakiwa aonyeshe sababu nzuri ya kutaka silaha, na pia kwamba akipewa hatakuwa hatari kwa wenzake. Mlevi wa kupindukia hapewi. Asiye na akili timamu hapewi. Hata yule anayeonekana kutofaa kwa sababu nyingine yoyote anaweza kukataliwa.

Na ukipewa, usidhani umepewa milele. Cheti ni cha mwaka mmoja, kisha unakihuisha. Mwishoni mwa 2018 serikali iliagiza raia wote wenye leseni wakaguliwe upya, hata wale waliokuwa wamebeba silaha zao kwa miaka mingi. Kwa hiyo unapoingia katika safari hii, elewa kwamba umeazimwa imani. Aliyekuazima anaweza kuirudisha.

Kuna watakaosema, "Hayo yote ya nini? Najua kijana atakayeniletea moja usiku huu huu." Ndugu yangu, bastola ya kichochoroni huja na historia yake. Hujui iliua nani jana. Siku utakayokamatwa nayo, wewe ndiwe utakayeulizwa.

KUBWA AU NDOGO?

Tulipofika dukani, tulimkuta muuzaji, mzee mwenye miwani aliyezungumza polepole kama mwalimu wa hesabu. Binamu yangu alimwambia anataka ndogo kabisa, ya kutosha mfukoni.

"Kila mtu wa mara ya kwanza husema hivyo," mzee akajibu, akaweka tatu juu ya kitambaa.

Nieleze alivyotueleza. Bastola za siku hizi ni za aina mbili. Kuna revolva, ile yenye gurudumu la kati linalozunguka, ambayo kwa kawaida huchukua risasi tano au sita. Halafu kuna ile inayojipakia yenyewe, ambayo risasi zake hupangwa katika magazini, kijisanduku kinachoingizwa ndani ya mpini. Kila ukifyatua, ganda linaruka nje na risasi nyingine inaingia mahali pake.

Revolva haina mambo mengi. Unafungua gurudumu, unaona risasi zote kwa macho, unafunga. Tatizo lake ni triga. Kuivuta bila kwanza kurudisha nyundo nyuma kunataka nguvu ya kama kilo tano, na kidole kisichozoea hutikisa mkono mzima. Zile zinazojipakia zina triga laini zaidi na hubeba risasi nyingi zaidi, lakini zinataka mwenye kujua anachofanya. Lazima uvute sehemu ya juu kwa nguvu ili risasi ya kwanza iingie, na lazima ujue kuitoa. Mtu mwenye ugonjwa wa viungo vya vidole huweza kushindwa na kazi hiyo.

Majina utakayoyasikia hapa kwetu si mengi. Ceska, kutoka kiwanda cha nchi ya Czech, unaifahamu hata kama hujawahi kuiona, kwa sababu hutajwa katika habari za polisi karibu kila wiki. Ndicho kiwanda kilichotoa CZ 75 mnamo mwaka wa 1975. Jericho ni ya Israeli. Glock ni ya Austria. Glock ya kwanza, namba 17, ilitokea mwaka wa 1982, na watu wengi walicheka walipoona mpini wa plastiki. Leo hawacheki tena, kwa maana majeshi na polisi wa nchi nyingi wanaitumia.

Sasa turudi kwa udogo. Mzee alichukua Glock tatu ili atuonyeshe tofauti. Namba 17 ndiyo kubwa, na hubeba risasi 17. Namba 19, iliyotoka 1988, ni ya wastani. Mtutu wake una milimita 102, hubeba risasi 15, na ikiwa tupu ina uzito wa gramu 600 hivi. Namba 43, iliyotoka 2015, ni nyembamba kama kitabu cha hundi, na hubeba risasi sita tu. Zote tatu zinapiga risasi ile ile, ya milimita 9.

"Ndogo ni rahisi kuficha," akasema mzee, "lakini ni ngumu kupiga. Kubwa ni rahisi kupiga, lakini shati halitaificha."

Sababu zake ni za kawaida tu. Bastola inapofyatuka hupiga teke, na teke la risasi ile ile katika chuma chepesi huumiza mkono kuliko katika chuma kizito. Mpini mfupi huacha kidole cha mwisho kikining'inia. Halafu kuna vile vialama viwili vya kulengea, cha mbele na cha nyuma. Vikikaribiana sana, kosa dogo la mkono huwa kosa kubwa kwenye shabaha. Ndiyo maana wachezaji wa kulenga shabaha hupenda mtutu mrefu, na wabebaji wa siri hupenda mfupi. Mtu anayetaka moja ya kazi zote mbili hana budi kukubali kukosa kidogo huku na kidogo huku. Kwa wengi hiyo huwa ni ile ya wastani.

Na ukubwa wa risasi? Hapo wanaume hupenda kubishana hadi usiku. Kwa mwanafunzi, risasi ya .22 ni mwalimu mzuri. Ni ndogo, bei yake ni nafuu, na haipigi teke la maana. Lakini wanaobeba silaha kwa kujilinda wengi huchagua milimita 9. Risasi hiyo ni ya zamani, Georg Luger aliibuni mwaka wa 1902, na inapatikana karibu kila mahali. Isitoshe, hazina faida risasi kubwa kubwa ambazo mkono wako hauzimudu.

Binamu yangu alishika ile ndogo, akaitia mfukoni, akajitazama kwenye kioo na kutabasamu. Mzee hakutabasamu. Akamwambia, "Usinunue leo. Nenda kwanza ukajaribu uwanjani, halafu urudi."

Msomaji, muuzaji anayekukatalia pesa zako ni wa kuheshimiwa.

UWANJANI

Kabla sijakwambia yaliyotokea uwanjani, nikukumbushe picha moja. Wakati wa michezo ya Olimpiki ya Paris mwaka wa 2024, dunia nzima ilimwona Yusuf Dikeç wa Uturuki, mwanamume wa miaka 51, amesimama na mkono mmoja mfukoni, miwani yake ya kawaida usoni, akilenga kwa bastola ya upepo kutoka mita 10. Yeye na mwenzake Şevval İlayda Tarhan walipata medali ya fedha. Watu walicheka na kumwiga mitandaoni. Lakini ukimtazama vizuri utaona mchezo huu ni wa nini. Ni wa pumzi, miguu iliyotulia, na kidole kisicho na haraka.

Mchezo huo hata kwetu upo. Kule Kirigiti, Kiambu, kuna uwanja ambao wenye leseni hukutana kushindana kwa mtindo wa IDPA, chama kilichoanzishwa Marekani mwaka wa 1996. Wachezaji wake hutoa bastola kutoka chini ya koti na kupiga shabaha wakiwa nyuma ya vizuizi, kwa kupimwa muda. Kuna wanawake hodari wanaowashinda waume zao, na nyumbani hawaachi kuwakumbusha.

Mkufunzi wetu alikuwa sajini mstaafu. Kabla hajatugusisha chochote alituketisha kwenye benchi kama watoto wa nasari, akatufundisha sheria nne. Zimeenea duniani kote kwa sababu ya Mmarekani mmoja, Jeff Cooper, mwanajeshi wa zamani aliyefariki 2006. Ya kwanza, kila bunduki ichukulie kuwa ina risasi. Ya pili, usiielekeze kamwe kwa kitu usichokuwa tayari kukiangamiza. Ya tatu, kidole kikae nje ya triga mpaka macho yako yawe kwenye shabaha. Ya nne, ijue shabaha yako, na ujue kilicho nyuma yake.

Hiyo ya nne ilinigonga. Risasi ya milimita 9 ikikosa huweza kusafiri zaidi ya kilomita moja. Hupenya mabati. Hupenya mlango wa mbao. Fikiria sisi tunaoishi katika mitaa ambamo jirani akikohoa unamsikia. Nyuma ya mwizi wako kuna ukuta, na nyuma ya ukuta kuna mtoto wa mtu anayefanya kazi ya shule.

Kisha sajini akatuonyesha mtego unaoua watu wengi wasio na hatia. Alichukua bastola, akaweka risasi ya bandia, akachomoa magazini na kuipiga mezani. "Sasa ina risasi au haina?"

Binamu yangu akajibu upesi, "Haina, afande."

Sajini akavuta sehemu ya juu. Risasi moja ikaruka na kuanguka miguuni pake.

Kumbuka hilo hata kama hutashika bastola maishani. Ukitoa magazini, risasi iliyokwisha kuingia kwenye chemba inabaki humo humo. Kijana hutoa magazini, akaamini ni salama, akamlenga rafikiye kwa mzaha. Mzaha huo mwisho wake huwa kilio. Bastola ni tupu pale tu ulipotoa magazini, ukavuta, ukachungulia chemba kwa macho, halafu ukachungulia tena.

Mwishowe binamu yangu akapiga, huku sajini akiwa begani pake. Kwa ile ndogo aliyoipenda, alipiga risasi kumi kutoka mita saba, yaani kama urefu wa sebule na jiko lake. Tatu tu ziligonga karatasi. Kwa ile ya wastani, ziligonga nane. Mikono yake ilikuwa ikitetemeka, na hapakuwa na jambazi yeyote pale uwanjani. Ilikuwa mchana, kimya, na shabaha ilikuwa ya karatasi.

"Na usiku, ukiwa umelala kifudifudi juu ya saruji?" sajini akamwuliza. Hakujibiwa.

SWALI LA WIFI

Tulirudi nyumbani tumechangamka. Binamu yangu akaanza kumweleza mkewe habari za mitutu na milimita. Wifi alikuwa akichambua mboga. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja tu.

"Italala wapi?"

"Juu ya kabati, ndani ya sanduku la viatu, nyuma ya blanketi za wageni. Hakuna mtu atakayeijua."

Wifi hakubishana. Usiku ule alimpa mumewe pakiti ya biskuti akamwambia, "Ifiche mahali hapo hapo. Usimwambie mtu. Tungoje wiki moja."

Haikufika wiki. Siku ya tatu, kijana wao wa miaka saba alitokea sebuleni na makombo kwenye midomo. "Baba, mbona mnaficha biskuti kwenye viatu?" Alikuwa ameweka stuli juu ya kitanda.

Binamu yangu aliketi kimya muda mrefu. Msomaji, nami nilinyamaza, kwa sababu nilikuwa nikiiona ile stuli, na nilikuwa nikiona kitu kingine mahali pa biskuti. Ukitaka kujua kama nyumba yako iko tayari, fanya jaribio hilo la wifi. Ni la bei ya pakiti moja ya biskuti.

Sheria yenyewe imelitambua jambo hili. Inamtaka kila mwenye silaha aihifadhi kwa usalama wakati wote, na ikipotea au ikiibwa apige ripoti kwa polisi. Sanduku la viatu silo hifadhi. Hifadhi ni sefu ya chuma iliyofungwa kwa bolti ukutani au sakafuni, yenye namba ambazo si tarehe ya kuzaliwa kwa mtoto. Ukiwa nje, bastola hukaa mwilini mwako, katika ala ngumu inayofunika triga. Isiingie katika mkoba wa mkononi utakaowekwa chini ya meza hotelini, wala katika kijisanduku cha gari kwa mwosha magari. Na ukienda kunywa, iache ndani ya sefu. Bastola na chupa haziketi meza moja.

Lakini wifi hakuwa amemaliza. "Sefu tutanunua. Nina lingine. Siku mimi na wewe tukikosana?"

Jamaa aliruka. "Kwani mimi ni mtu wa namna hiyo?"

"Sijasema wewe ni wa namna gani. Naongea juu ya siku mbaya. Kila nyumba ina siku mbaya."

Wifi hakuwa amesoma utafiti wowote, lakini watafiti wamesema kama yeye. Mwaka wa 1993 daktari Arthur Kellermann na wenzake walichapisha katika jarida la New England Journal of Medicine matokeo ya uchunguzi wao katika wilaya tatu za Marekani. Waligundua kwamba nyumba yenye bunduki ilihusishwa na hatari ya mtu kuuawa humo mara 2.7 kuliko nyumba isiyokuwa nayo, na mara nyingi muuaji alikuwa jamaa au mtu anayefahamika. Mwaka wa 2020, jarida hilo hilo lilitoa uchunguzi mwingine wa watu milioni 26 wa jimbo la California. Wanaume waliokuwa na bastola walijiua kwa bunduki mara nane kuliko wanaume wasiokuwa nayo. Kwa wanawake ilikuwa mara 35. Marekani si Kenya, najua. Lakini hasira, madeni na huzuni havihitaji pasipoti.

Ndipo wifi alipolisema lile ambalo sote tulikuwa tukilizunguka tangu mwanzo. Aliweka kisu chini.

"Baba watoto, wewe tangu siku ile hulali. Saa nane za usiku uko dirishani. Juzi mtoto alikwenda chooni, ukashika panga. Sasa ungekuwa na bastola?"

Binamu yangu ni mwanamume wa futi sita. Aliinamisha kichwa, na nikaona mabega yake yakitikisika. Kumbe kwa miezi yote hiyo hakuna aliyemwuliza habari za usiku wake. Tulimwuliza kama walichukua pesa nyingi.

ALIVYOFANYA

Hakurudi dukani mwezi ule. Alikwenda kwanza kuzungumza na mshauri katika hospitali, mara moja kwa wiki. Aliona haya mwanzoni, akaegesha gari mbali ili asionekane. Katika duka lake alibadilisha mambo ambayo alipaswa kubadilisha zamani. Wateja wengi sasa hulipa kwa M-Pesa, na ameandika hivyo kwa herufi kubwa mlangoni, ili hata mwizi asome. Anafunga saa kumi na mbili badala ya saa mbili za usiku. Ameweka taa kali nje na mlango wa vyuma. Hafungi duka peke yake.

Jirani yangu aliposikia habari hizi alisema, "Basi bastola ya nini tena?" Ni swali zuri, na wengi wenu mkilijibu kwa uaminifu mtaona jibu ni kwamba haihitajiki. Mwizi anayejua una bastola wakati mwingine huja kwa sababu ya bastola yenyewe. Na sheria hairuhusu kumpiga risasi mtu anayekimbia na pesa zako. Nguvu unazotumia lazima zilingane na hatari uliyomo, na baadaye ni mahakama itakayopima, ikiwa na wakati wote wa kufikiri ambao wewe hukuwa nao.

Hata hivyo, sitakudanganya kwamba binamu yangu aliacha. Baada ya miezi minne, akiwa sasa analala, alirudi kwa mzee wa miwani. Sefu ilikuwa imekwisha kufungwa ukutani. Alichagua ile ya wastani, ya milimita 9, na pesa zilizobaki akanunua ala nzuri na risasi za mazoezi. Kila mwezi huenda uwanjani. Ananiambia siku hizi, anapolenga, jambo analolifurahia ni kile kimya cha sekunde chache ambacho kichwani mwake hamna saruji wala pikipiki.

Naye mtoto? Hakufichwa. Wazazi wake walimketisha wakamwambia ukweli, kwamba ndani ya kile chuma mna kitu cha hatari cha baba. Wakamfundisha: ukiona bastola mahali popote, hata kwa rafiki, usiguse, ondoka hapo, mwite mtu mzima. Nawe mfundishe wako hivyo hivyo, hata kama nyumbani kwako hamna silaha. Huenda baba ya mwenzake ndiye mwenye sanduku la viatu.

JIULIZE HAYA

Kama bado una nia, kata sehemu hii uibandike mahali utakapoiona.

1. Ninaogopa nini hasa? Je, taa, kufuli, au kufunga mapema hakuwezi kulitatua?

2. Usingizi wangu ukoje? Hasira zangu zikoje? Na chupa? Mwulize mtu unayeishi naye, usijiulize mwenyewe.

3. Mwenzangu nyumbani amekubali, au amenyamaza tu?

4. Sefu iko wapi? Inunue kabla ya bastola.

5. Nimepiga risasi kwa mikono yangu chini ya mkufunzi kabla ya kuchagua, au nimechagua kwa kutazama filamu?

6. Nitaweza kununua risasi za mazoezi na kupata muda wa kwenda uwanjani kila mwezi? Kama huwezi, utakuwa na chuma usichokijua.

7. Ile ninayoitaka inatosha mkono wangu, au inatosha tu mfuko wangu?

Ukijibu yote saba bila kujidanganya, mengine kuhusu Ceska na Glock mzee wa miwani atakueleza kwa nusu saa.

Jumapili iliyopita nilikula chakula cha mchana kwao. Yule kijana alinichukua mkono, akanipeleka chumbani kunionyesha sefu. Alisimama mbali nayo, hatua tatu kamili, kama mtu aliyeonyeshwa mbwa mkali. "Hiyo ni ya baba," akaniambia. "Hatuigusi." Kisha akaninong'oneza kwamba biskuti siku hizi mama anazificha ndani ya sufuria ya chapati, na kama nataka tunaweza kwenda sasa hivi kabla hajarudi kutoka dukani.

Twende kwa biskuti, msomaji. Tukutane Jumapili ijayo.